Fulana Mia na Ishirini, Kesho Alfajiri

Msonyo wa kwanza aliutoa muuza kahawa, mtu ambaye hana desturi ya kusonya, maana ukisonya mbele ya wateja unaifukuza riziki. Ilikuwa tarehe 30 Aprili, saa nne asubuhi, kijiweni kwetu Magomeni, kando ya fremu ya kijana wetu anayechapa tisheti. Gari jeupe la ofisi likapaki, tairi mbili juu ya kibaraza cha watu. Akashuka kaka mmoja kavaa tai, simu sikioni, bahasha ya kaki kwapani. Hakusalimia. Hapa kijiweni yupo mwalimu mstaafu ambaye hata mwenyekiti wa mtaa humwamkia shikamoo kabla ya kukaa, lakini yule kaka alipita katikati yetu na bao letu kama anayeruka mtaro, akaingia moja kwa moja kwa fundi.

"Mdogo wangu, nataka fulana mia na ishirini za Mei Mosi. Mbele nembo, mgongoni kauli mbiu. Kesho saa kumi na moja alfajiri ziwe ofisini."

Kijana wetu akajibu kwa maneno yale yale yaliyowamaliza mafundi wa nchi hii, washonaji kwa maseremala: "Hakuna shida, bosi."

Mfyuu! Muuza kahawa huyo.

Wa pili nikasonya mimi, na wangu nikaugawa nusu kwa nusu: nusu kwa mteja, nusu kwa fundi.

Hebu tusemezane. Mei Mosi haiandami kama mwezi. Ingekuwa Idi tungesameheana, watu wanakodoa macho magharibi, huyu kauona, yule hajauona, fundi cherehani anakesha na kanzu za watu na hakuna wa kulaumiwa. Mei Mosi iko pale pale, tarehe moja mwezi wa tano, haijawahi kusogea hata siku moja kwa sababu ya mawingu. Sasa mtu mzima mwenye tai anashtukaje nayo tarehe 30 Aprili?

Jibu tulilipata kwa dereva wa lile gari. Dereva wa ofisi ukimpa kikombe cha kahawa na kashata moja anakupa na mafaili ya ofisi. Akasema habari ya fulana ilianza mwezi wa tatu. Barua iliandikwa, ikaenda kwa mkubwa mmoja, mkubwa akasafiri. Aliporudi akasema bei ya fundi wa kwanza ni kubwa, ziletwe bei tatu. Zikaletwa. Kikaitwa kikao cha rangi. Kikao kizima, watu na soda zao, wanabishana nyekundu au bluu. Baada ya hapo ikangojwa kauli mbiu, kisha ikangojwa saini. Saini imepatikana tarehe 29 jioni, watu wanafunga ofisi. Wiki sita zimeliwa na karatasi, halafu usiku mmoja ndio anakabidhiwa fundi, na akichelewa robo saa anaitwa mswahili.

Mfyuu!

Watu wengi wanadhani kuchapa fulana kwa moto ni kupiga pasi tu, unabana, unaachia, tayari. Mimi nimekaa jirani na ile mashine mwaka wa nne sasa, nimeiona ikila vidole na ikila pesa, kwa hiyo niacheni niwaeleze. Ina sahani mbili: ya chini imevikwa mpira, ya juu ndiyo yenye moto, na mkono mrefu wa kuvutia chini. Pembeni kuna kioo kidogo kinachoandika digrii na sekunde. Fulana inalazwa, inabanwa patupu sekunde tano hivi ili mikunjo inyooke na unyevu utoke. Dar hii, na hasa mwezi wa nne wakati wa masika, fulana iliyolala dukani usiku mmoja ina maji kuliko unavyodhani. Ukiona mvuke unafuka mashine inapofunguliwa, ndiyo hayo. Kisha inawekwa filamu yenye picha, inapimwa isikae kombo, inafunikwa karatasi ya tefloni, inabanwa sekunde 15 kwenye digrii 150 hadi 160 ikiwa fulana ni ya pamba. Inafunguliwa. Inangojwa ipoe, maana kuna filamu ambazo ukizibandua za moto zinaondoka na nusu ya nembo. Inabanduliwa. Inabanwa tena kidogo ili gundi izame kwenye nyuzi. Geuza, anza mgongo.

Piga hesabu. Fundi mwepesi akiwa peke yake, upande mmoja hauwezi kumtoka chini ya dakika 2 ukijumlisha kulaza, kupima, kubana, kupoza na kubandua. Fulana 120 zenye pande mbili ni pande 240. Dakika 480. Saa 8 kamili, bila kula, bila kwenda msalani, bila kuharibu hata moja.

Mwalimu mstaafu aliposikia hizo saa 8 akaacha kete mkononi. Huyu mzee akianza historia hakatizwi. Akatukumbusha kwamba tarehe 1 Mei 1886 wafanyakazi wa Marekani waligoma wakidai siku ya kazi iwe ya saa 8, na kule Chicago siku chache baadaye damu ikamwagika. Kuanzia mwaka 1890 nchi nyingine nazo zikaishika siku hiyo. "Kwa hiyo," akasema akiuelekeza mkono kwenye fremu, "mtoto huyu atamaliza saa zake 8 za Chicago kabla ya usiku wa manane, kisha aanze nyingine, ili wenzake wapendeze kwenye sikukuu ya wafanyakazi." Akaweka kete yake. Hakusonya. Walimu wa zamani hawasonyi, wanakutazama tu.

Na hizo saa 8 zinahesabiwa filamu ikiwa mkononi. Kijana wetu hana printa ya ditiefu, zile zinazochapa picha kwenye plastiki: rangi kwanza, juu yake wino mweupe, halafu unamwagiwa unga wa gundi unaoyeyushwa kwa joto. Mashine hizo zina tabia zake. Wino mweupe ni mzito, ukiachwa umetulia unatuama chini kama togwa na kuziba vitundu, ndiyo maana mwenye printa yake hata msibani anaenda kwa zamu. Kijana wetu anapeleka kazi Kariakoo, anauziwa kwa mita. Nembo 120 za kifuani na maandishi 120 ya mgongoni, akazipanga vizuri, zikala mita 20 za filamu ya upana wa sentimita 60. Sasa jiulize, tarehe 30 Aprili, Kariakoo pale, ni ofisi ngapi zilikuwa zimekumbuka siku hiyo hiyo kwamba kesho ni Mei Mosi? Foleni ya mafaili, si ya watu. Watu wamekaa kwenye ngazi, flashi mkononi, kama wanaongoja majibu ya maabara.

Lakini kabla hata ya kufika Kariakoo, nembo yenyewe iko wapi?

Yule kaka akatoa simu. Nembo ameipiga picha kwenye kalenda ya ukutani. Kalenda ya ukutani jamani! Taa ya ofisi inamulika katikati, pembeni kidole gumba. Fundi akamwomba kwa adabu faili lenyewe, lile la mchoro ambalo ukilikuza halipasuki. Kaka akapiga simu ofisini, ofisini wakamtumia mwenye kompyuta, mwenye kompyuta yuko likizo Moshi. Ikaja nyingine kwa wasapu, ndogo kama kisoda. Wasapu ikipewa picha inaikamua, na picha hii ilishapita magrupu manne. Kijana wetu akakaa chini akaichora upya, mstari kwa mstari, saa nzima na robo. Kazi hiyo haimo kwenye bei. Hakuna mteja anayeijua, kila mteja anadhani nembo inaruka yenyewe kutoka kwenye simu kwenda kifuani.

Ikachapwa sampuli moja. Picha ya sampuli ikatumwa ofisini saa sita mchana. Jibu limerudi saa tisa: "Nembo isogee juu kidogo." Saa tatu za mtu zimekwenda kwa kidogo.

Hapo sijagusia fulana zenyewe. Kijana wetu alipendekeza pamba, na anajua pa kuinunua kwa jumla. Kaka akasema hapana, fulana ameshanunua mwenyewe Mtaa wa Kongo, ziko kwenye buti. Akafungua. Polista tupu, nyekundu, inang'aa kama ganda la pipi. Alikuwa ameokoa shilingi mia nane kwa kila moja na akatutajia hiyo hesabu kwa fahari. Tukamwangalia kijana wetu usoni, tukaona rangi inamshuka.

Polista nyekundu na maandishi meupe ni ndoa mbaya. Rangi ya polista ikipata joto inaamka, inapanda kama mvuke na kuingia kwenye chochote kilicho juu yake. Sampuli ya kwanza ilibanwa kwa moto wa kawaida, ikatoka nyeupe safi, kaka akapiga makofi. Kahawa ya pili ilipomiminwa nembo ilishaanza kuona haya. Kahawa ya tatu ikawa ya waridi kabisa. Dawa yake ipo, fundi anaijua: unashusha moto hadi kwenye digrii 130 hivi, unaongeza mgandamizo, na kule kwenye printa unaomba unga mweusi wa kuzuia rangi isipande badala ya ule mweupe. Dawa ya namna hiyo inakula muda na inakula hela, na moto mdogo maana yake ni subira kubwa.

Ndipo yule kaka aliposema neno ambalo tumelitunza hapa kijiweni kama methali: "Kwani ukiongeza moto si itaenda haraka?"

Mama wa chapati, ambaye alikuwa kimya tangu asubuhi, akageuka na mwiko wake. "Baba, mimi moto nauongeza kila nikiona foleni. Chapati inaungua nje, ndani unga. Wateja wanaondoka wote."

Nilitaka kumkumbatia. Maana hapo ndipo penyewe. Sekunde 15 za ile mashine hazina bosi. Gundi inayeyuka kwa wakati wake, haiogopi cheo, haipokei simu kutoka juu. Kitu kilichoweza kuharakishwa kilikuwa saini ya mwezi wa tatu, na kalamu haihitaji hata kupashwa moto.

Wapo watakaosema tunaichukia haraka. Hapana. Ipo haraka ya haki. Mwaka juzi ilikuja familia moja hapa saa mbili usiku, mzee wao amefariki, maziko keshokutwa kijijini Rufiji, wanataka fulana 30 nyeupe zenye picha yake. Hakuna aliyesonya. Bao likakunjwa. Kazi ile kijana wetu aliifanya kwa sablimesheni, ambayo kwenye fulana nyeupe ya polista ndipo mahali pake: wino unageuka hewa kwenye joto la karibu digrii 200 na kuingia ndani ya nyuzi zenyewe, dakika moja, ukipapasa huhisi kitu. Anasema, naye huyu video zote za mtandaoni ameshazimaliza, kwamba njia hiyo aliigundua Mfaransa Noël de Plasse mwaka 1957 akiwa kwenye kampuni ya nguo ya Roubaix. Basi yule Mfaransa siku hiyo alimsitiri mzee wa Rufiji. Picha ilikuwa moja, upande mmoja, na msemaji wa familia alikuwa mmoja, binti mkubwa, aliyeitazama sampuli mara moja, akalia kidogo, akasema sawa. Saa sita na nusu usiku zilikuwa zimefungwa kwenye mfuko. Kifo hakitoi taarifa, ndiyo maana hakuna wa kumlaumu. Ofisi ina kalenda ukutani. Si ndiyo hiyo walipoipigia picha nembo?

Turudi kwa wenye tai.

Filamu ilifika kutoka Kariakoo saa kumi na mbili jioni, kwa bodaboda, imeviringishwa ndani ya koti la mvua. Kazi ikaanza. Mimi nikapewa kubandua, dereva wa bajaji akapewa kukunja, muuza kahawa akapewa kuhesabu kwa sababu ndiye pekee kati yetu asiyekosea chenji. Orodha ya saizi ilikuwa na vichekesho vyake: nusu ya majina hayana saizi, mbele yake kumeandikwa "yoyote". Hakuna binadamu wa saizi yoyote.

Fulana ya 47, saa mbili na dakika kumi usiku, umeme ukakatika.

Unajua kile kimya cha umeme kukatika, feni inavyomalizia mizunguko yake. Kinyozi wa jirani akajitolea kijenereta chake, kile kidogo cha kubeba kama ndoo. Kinaendesha mashine ya nywele, taa mbili na televisheni ya mpira. Pasi yetu inavuta karibu wati 1,800. Tulipochomeka kikakohoa mara mbili, kikanuka, kinyozi akachomoa na kwenda nacho ndani bila kusema. Basi tukaibeba mashine, kilo zisizopungua 25 na sahani ingali ya moto, tukaipakia kwenye bajaji, mmoja kaikumbatia na blanketi kama anampeleka mgonjwa Muhimbili, mpaka kwa rafiki wa kijana wetu mtaa wa tatu ambako umeme ulikuwapo. Barabarani skrubu ya mgandamizo ikalegea kwa yale mashimo. Fulana 11 zikabanwa pembe moja ikiwa haijashika kabla hatujagundua. Zikarudiwa. Saa nne usiku hiyo.

Saa tano simu ikaita. Yule kaka. Sauti ya mtu aliyekwisha kula na kuoga. "Mdogo wangu, nimesahau. Wale viongozi watano, kifuani chini ya nembo waandikwe na vyeo. Katibu, mweka hazina, mwenyekiti. Ni maneno tu."

Ni maneno tu! Maneno tu yanakatwa kwenye vinaili kwa mashine nyingine, ile yenye kijisu kinachotembea, halafu unakaa na kibano unapembua herufi moja moja, unatoa tumbo la A, unatoa mashimo ya B, kama mama anayepembua mchele wenye mawe. Na vinaili inakatwa kwa nyuma, kwa hiyo lazima neno uligeuze kwanza kwenye kompyuta kama linavyoonekana kwenye kioo, ndipo likibandikwa lisomeke. Mtu aliyelala analifanya hilo akifikiria mambo mengine. Mtu ambaye saa hizo ni saa tisa usiku, na ameshachapa pande 230, anasahau.

Tulipobandua tukaona kifuani pamekaa ITIKEYNEWM.

Angalia inavyochekesha: M, W, Y, I na T hazijali kugeuzwa, ziko vile vile ukizitazama mbele au nyuma. E, N na K ndizo zilizomchongea. Kwa sekunde mbili tatu sote tulidhani ni jina la kampuni ya Kizungu. Kisha kijana wetu akakaa chini sakafuni, akaegemeza kichwa ukutani, na mimi nilidhani anacheka mpaka nilipomwona anajifuta macho. Miaka ishirini na sita huyo mtoto.

Fulana ya akiba haikuwepo. Yule kaka alinunua 120 kwa watu 120, hakununua hata mbili za ajali. Dereva wa bajaji akaenda kumgongea jamaa anayeuza nguo za michezo, akarudi saa kumi na moja kasorobo na polista nyekundu ambayo si nyekundu ile ile, imeiva zaidi kidogo. Cheo kikakatwa upya. Mwenyekiti akawa mwekundu kuliko wanachama wake.

Fulana zilifika ofisini saa kumi na mbili na robo. Zikagawiwa za moto. Mtu wa haki ya Mungu anakwambia fulana iliyochapwa hivi ingoje siku nzima ndipo iguswe na maji, ifuliwe imegeuzwa ndani nje, isitiwe jiki, pasi isipite juu ya nembo. Nani alimwambia mfanyakazi hayo? Walizivaa, wakaandamana, wakapita mbele ya jukwaa wakipunga mikono. Na tuseme kweli, walipendeza. Tuliwaona kwenye televisheni ya kinyozi sekunde nne, nyekundu tupu, tukapiga kelele kama Simba au Yanga wamefunga, kila mmoja kwa timu yake.

Mwalimu alikuwa anangojea habari nyingine kabisa, ya mshahara, maana anasema Mei Mosi kwa mfanyakazi ni sikio, si kifua. Anaikumbuka ile ya Singida ya mwaka 2025, Rais aliposema kima cha chini kwa watumishi wa umma kipande kutoka shilingi 370,000 hadi 500,000 kuanzia Julai, asilimia 35.1. "Siku ile," anasema, "waliokuwa na fulana na wasio na fulana walipiga makofi sawa."

Malipo je? Kijana wetu alipewa nusu asubuhi ile ya kwanza. Nusu ya pili iliingia kwenye kitu kinaitwa mchakato. Kila akipiga simu anaambiwa iko kwenye mfumo. Mei ikaisha. Filamu ya Kariakoo aliikopa, unga mweusi aliukopa, fulana ya mwenyekiti aliikopa, na wote hao hawana mfumo, wana miguu, wanakuja wenyewe mpaka fremuni. Fedha ilitoka katikati ya Juni, pungufu, kwa maelezo kwamba fulana zilichelewa saa moja na robo.

Mfyuuuu! Huu tulisonya kijiwe kizima, mpaka waliokuwa wanangoja basi wakageuka.

Sasa ile nusu ya msonyo niliyomwekea fundi. Nilimwambia nikiwa nimemshika begani, maana ni mtoto wetu: "hakuna shida" yako ndiyo shida ya kwanza. Angemwambia kaka wa tai, bosi wangu, kwa usiku mmoja na mashine moja naweza kukupa 120 za upande mmoja, za pamba, au 60 za pande mbili, chagua. Fulana tano za ziada zinunuliwe. Anayekubali sampuli awe mtu mmoja na ajibu ndani ya nusu saa. Maneno yakishakatwa hayaongezwi. Na kwa kuwa ni haraka, bei ni moja na nusu, yote mkononi. Kaka angekasirika, angezunguka mtaa mzima, na kwa hali ya Kariakoo siku ile angerudi saa sita mchana amelowa jasho. Sasa kijana wetu ameyaandika hayo kwenye karatasi na kuibandika mlangoni. Ameiweka ndani ya plastiki. Wiki ya kwanza wateja wawili walisoma wakaondoka, wa tatu akasoma akalipa.

Ile fulana iliyogeuzwa haikutupwa. Aliichukua dereva wa bajaji, anaivaa siku za kazi, na anadai ndiyo fulana yenye akili kuliko zote alizonazo, kwa sababu imeandikwa kama gari la wagonjwa. Juzi kwenye foleni ya Jangwani dereva wa mbele yake alichungulia kwenye saiti mira, akasoma, akatoa mkono dirishani akampungia: "Pita, mwenyekiti."

Na wewe kaka wa tai, kama gazeti hili limekufikia: ukija tena anza na salamu, mzee wetu anakaa benchi la kulia. Mei Mosi ijayo itakuwa tarehe 1 Mei.